Kijiti Kinacheza

Mama hutia gia ya tatu kwa nyonga, si kwa mkono:
hukanyaga klachi, huinamisha bega,
hukikoroga kijiti kama mwiko kwenye sufuria ya kabichi
mpaka mahali fulani, karibu na goti la abiria,
chuma kinaguna, na Skoda inakubali.

Mimi siwezi. Jumamosi, kwenye mzunguko wa Kežmarok,
nilitafuta ya pili nikapata ya nne.
Gari likakohoa, likazimika,
na lori la magogo nyuma yangu likapiga honi
mpaka theluji ikaporomoka kutoka bango la duka la dawa.
"Gia zako zimelewa," nikamwambia Mama.
"Hazijalewa. Hazikujui."

Jumapili, basi. Baada ya misa, kabla ya supu.
Jeki, magogo mawili, katoni ya friji iliyokunjuliwa,
mimi chali juu yake, Machi ikinipenya mgongoni.
Ufito wa chuma unatoka kwenye kijiti, unapita tumboni mwa gari
hadi nyuma, iliko injini
(waliolibuni waliweka injini mahali pa mizigo,
mizigo mahali pa injini, wakaenda zao nyumbani).
Nikaushika, nikautikisa.
Mama akapiga kelele kutoka kitini,
kana kwamba nimemgusa jino.

Mafundi husema chuma kinacheza.
Neno la harusi kwa ugonjwa wa kiungo:
milimita tatu huku chini
ni shibiri nzima mkononi mwa dereva.

Bolti moja. Kutu. Matusi mawili,
moja la Kislovakia, jingine la bibi yangu, la Kihungari.
Nati ikaachia.
Pale ilipopaswa kuwepo bushi, pete nyeupe ya plastiki,
palikuwa na ngozi:
ya kahawia, imezungushwa mara mbili, imelowa grisi,
ina matundu matano kwenye mstari.

Nilitambaa nje nayo kiganjani. Mama akavaa miwani.
"Mkanda wa saa," akasema.
"Alojz aliniambia ulikatikia Žilina, kwenye treni."
Miaka tisa Baba alibeba saa mfukoni
pamoja na funguo, kioo kikachubuka,
na kila mtu aliyemuuliza saa ngapi alisubiri apekue.
Akauinusa ule mkanda. "Mpumbavu,"
akautia kwenye mfuko wa aproni, kwenye vibanio vya nguo.

Bushi hiyo haiuzwi tena; mwenye duka kule Poprad
alicheka kwa adabu.
Jirani yetu Gejza ana drili ya kusimama,
na mimi nilichukua, bila kuomba, ubao wa kukatia vitunguu.
Tukakata duara, tukatoboa, tukapiga msasa,
karakana nzima ikanuka michuzi ya miaka kumi.
Ikaingia kwa pigo la tatu la nyundo ya mpira.
Moja, tak. Mbili, tak.
Fupi, kama majibu ya karani wa posta.

Mama akaketi. Klachi. Bega likainama.
Mkono ukaenda ilipokuwa ikikaa ya tatu,
karibu na goti langu,
ukakuta hewa.
Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayepapasa gizani
katika nyumba ambayo ukuta umehamishwa.
Injini ikanguruma bure.
Gejza, mlangoni, akajifanya anatazama milima.

"Ni fupi mno."
"Ndivyo ilivyotoka kiwandani, Mama."
"Mimi sikutoka kiwandani."

Tulikwenda kuelekea Spišská Belá kwa gia ya pili,
nyuma yetu foleni ya watu waliovaa nguo za kanisani.
Kwenye mteremko akakaza taya, akasukuma.
Tak.
Hakunitazama. Mkono ukabaki juu ya kijiti
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Supu imeshapoa," akasema.
"Na ubao wangu utaulipa."